Kigego na Ahriman

Mtoto alipoanza kuota meno katika nchi ya Ngulu, wakubwa walimwinua mdomo wa juu kwa kidole wakatazama ufizi. Jino la kwanza likichomoza chini, nyumba nzima ilishusha pumzi. Likichomoza juu, mtoto yule alikuwa kigego, na kigego hakulelewa. Iliaminika kwamba akiachwa akue atawamaliza nduguze, mmoja leo, mwingine kesho, na hakuna aliyedai ushahidi zaidi ya jino lenyewe. Mbegha, mwindaji wa nguruwe ambaye uzao wake ndio Wakilindi walioitawala Usambara, alikuwa kigego. Ndivyo zinavyosema Habari za Wakilindi, maandishi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi yaliyochapwa kwa mafungu huko Magila, Bondei, kati ya 1895 na 1907, na ndivyo wazee wa milimani walivyoendelea kusimulia hata baada ya ufalme wenyewe kuvunjwa. Wazazi wake hawakumuua. Walipofariki, ndugu walimnyima urithi kwa hoja ya meno yaleyale, wakisema mtu ambaye hakupaswa kuwa hai hana fungu. Alihamia Kilindi, huko nako mtoto wa mkubwa wa nchi akafia mawindoni akiwa naye, na Mbegha akakimbia tena, na mbwa wake na wenzake wachache, akapanda milima. Mwanahistoria wa Marekani Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi ya Usambara katika miaka ya 1960, anayaweka mambo haya katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Watu wa Bumbuli, kisha wa Vugha, baadaye makao ya wafalme, wakamfanya mfalme mtu ambaye ukoo wake ulimwona mkosi unaotembea.

Mbali kabisa na hapo, katika Uajemi wa kale, kulikuwa na hadithi nyingine ya mtoto aliyekuja duniani kwa njia isiyofaa. Tunaipata kwa kalamu ya adui yake, Eznik wa Kolb, mwanateolojia wa Armenia wa karne ya 5, aliyeiandika ili aipinge. Zurvani, yaani Muda, alitoa sadaka miaka 1000 ili apate mwana. Mwishoni akatia shaka: je, sadaka hizi zina faida? Zikatungwa mimba mbili katika tumbo moja, Ohrmazd kwa sababu ya sadaka na Ahriman kwa sababu ya shaka. Zurvani akaweka nadhiri kwamba atakayemfikia kwanza ndiye atakayetawala. Ahriman alipojua, alilipasua tumbo akatoka, akasimama mbele ya baba yake, mweusi na mwenye kunuka. Baba alichukizwa naye, lakini nadhiri ni nadhiri. Alimpa ufalme wa miaka 9000, na Ohrmazd akawekwa juu yake mpaka muda huo utimie.

Hadithi hizi mbili zinaingilia mlango mmoja. Katika kila moja kuna mtoto mwenye alama mbaya tangu kuzaliwa, kuna ndugu, kuna urithi unaogombewa, na kuna ufalme unaoishia mikononi mwa aliyekataliwa. Kisha kila moja inashika njia yake, na mahali zinapoachana panatuonyesha jambo ambalo kwa kawaida halisemwi wazi kuhusu Usambara. Uajemi uliuweka uovu ndani ya mtu mmoja wa roho, mwenye jina, jeshi na muda wake. Usambara uliuweka katika hali, ile hali ya nguvu mbili zilizolingana kushindania nchi moja pasiwepo wa kukata shauri. Wanaodhani kwamba watu wa milimani hawakuwa na fundisho la uovu hadi walipopelekewa Shetani wamelitafuta mahali pasipo pake. Walikuwa nalo, limekamilika, na lilikuwa likijibu swali lilelile ambalo makuhani wa Uajemi walilijibu kwa kumtaja Ahriman.

Tumtazame Ahriman kwa karibu, maana hafanani na Ibilisi tuliyemzoea kwenye mahubiri. Ibilisi ni kiumbe aliyeasi, na uasi wake wenyewe unathibitisha kwamba alikuwa na bwana. Ahriman wa vitabu vya Kipahlavi, lugha ya kale ya Uajemi, hakuumbwa na Ohrmazd. Alikuwepo gizani tangu awali, naye Ohrmazd nuruni, katikati yao pakiwa pamejaa utupu. Bundahishn, kitabu cha Kipahlavi kuhusu uumbaji, kinasimulia jinsi alivyouvamia ulimwengu ulipokuwa safi na umetulia. Aliyagusa maji yakaingia chumvi. Aliigusa mimea, ikaota miiba na magome. Alimuua ng'ombe wa kwanza na Gayomard, mtu wa kwanza. Hata moto hakuuacha, aliutia moshi. Kwa mfuasi wa dini hii, ile ya nabii Zarathustra, basi, moto na moshi havikuzaliwa pamoja. Moto ni wa Mungu, moshi ni alama ya vidole vya adui. Vendidad, kitabu kingine cha dini hiyo, nayo inataja nchi 16 njema zilizoumbwa na Ahura Mazda, jina la kale la Ohrmazd, na kwa kila moja dosari iliyopachikwa na mpinzani wake, ya kwanza ikiwa majira ya baridi yanayokaa miezi kumi. Herodotus, Myunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia makuhani wa Kiajemi wakiua chungu na nyoka kwa mikono yao wenyewe na kuona fahari kwa kazi hiyo. Hakutueleza sababu, ila vitabu vya baadaye vinaieleza: wadudu na watambaao wabaya ni askari wa Ahriman, na anayemkanyaga chungu amempunguzia adui jeshi.

Nguvu ya fundisho hili ni kwamba linamwondolea Mungu lawama. Mtoto akifa, mvua ikikatika, nzige wakila shamba, Ohrmazd hana hatia. Gharama yake ni kwamba dunia yote inakuwa uwanja wa vita na kila kitu ndani yake kinalazimika kuwa cha upande mmoja au wa pili. Kipahlavi kina neno la zama zetu, gumezishn, yaani mchanganyiko. Ndio wakati ambapo wema na uovu vimechanganyika kama moto na moshi, na wokovu utakuja siku vitakapotenganishwa.

Kuna haki gani ya kulinganisha haya na Vugha? Sidai kwamba Ahriman alipanda Usambara na misafara. Ni kweli Uajemi umeacha nyayo pwani. Watu wa Makunduchi, kisiwani Unguja, bado wanakoga mwaka kila Julai, wanachoma kibanda na kuchapana kwa migomba, kwa hesabu ya siku iliyotokana na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Zanzibar ilikuwa na jamii ndogo ya Waparsi, wafuasi wa Zarathustra waliotoka Bombay na Gujarat, wenye hekalu lao la moto na makaburi yao, na humo ndimo alimozaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kama Freddie Mercury. Hata mwandishi wetu wa Habari za Wakilindi anabeba Ajemi katika jina lake, ingawa alikuwa Mwislamu na nisba haimfanyi mtu kuwa kuhani wa moto. Lakini hekalu la Waparsi lilikuwa la Waparsi wenyewe, hawakuhubiri kwa wengine, na Nairuzi ilipofika kwetu ilikuwa imekwisha kuwa kalenda ya wakulima na mabaharia. Ulinganisho wangu haudai ukoo. Watu wawili wasiojuana wakitatua fumbo moja, tofauti za majibu yao hutufundisha kuliko kufanana kwao.

Jibu la Usambara limo katika misemo miwili ya Kisambaa ambayo Feierman aliifanya uti wa mgongo wa kitabu chake cha mwaka 1990: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Nchi iliyoponywa ni ile ambayo mvua inanyesha kwa majira, migomba inazaa, wanawake wanajifungua salama na njia zinapitika. Nchi iliyoharibiwa ni kinyume chake, njaa kwanza kabisa. Jambo la kuangalia ni kwamba misemo yote miwili ina mtendaji mmoja. Mfalme mwenye nguvu ya mvua ndiye anayeiponya nchi na ndiye huyohuyo anayeweza kuiharibu, kwa nguvu ileile, kwa dawa zilezile. Akiwa peke yake juu, ameshiba kodi na hana wa kumtisha, nchi ni mali yake, na hakuna mwenye akili anayechoma shamba lake mwenyewe. Akiinuka mwingine mwenye nguvu kama zake, kila mmoja huizuia mvua ya mwenzake, na kinachokauka ni mahindi ya mkulima. Hali hiyo Wasambaa waliipa jina ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa: nguvu kwa nguvu.

Mtu akimweleza mzee wa Vugha hadithi ya Ohrmazd na Ahriman, angeielewa mara moja, lakini angeisoma kama habari ya siasa. Ndugu wawili, kiti kimoja, miaka 9000 ya kugombania: hiyo ndiyo nguvu kwa nguvu. Asingeuliza yupi kati yao ni mwovu kwa asili. Angeuliza lini mmoja atamshinda mwenzake ili watu walime.

Wala Wasambaa hawakujifunza haya kwa kukaa na kufikiri tu. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alitawala muda mrefu hata Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyefika Vugha mwaka 1848 na tena 1852, akakuta mfalme ambaye amri yake ilisikika kutoka milimani hadi karibu na bahari. Baada ya kifo chake mwanzoni mwa miaka ya 1860, kiti kilimwangukia mjukuu, Shekulwavu, kijana kati ya baba wadogo waliokuwa na nguvu kumzidi. Mmoja wao, Semboja, alikaa Mazinde, chini kabisa kwenye njia ya misafara, ambako bunduki na baruti zilipita mlangoni pake. Vita vilipolipuka, Vugha ilichomwa, Wabondei wakawafukuza Wakilindi, na watu walikamatwa na kuuzwa pwani na watawala waliopaswa kuwalinda. Kizazi kilichoona haya hakikuhitaji roho ya giza itokayo nje ya uumbaji ili kueleza mateso yake. Kiliwafahamu waliohusika kwa majina na kwa kiwango cha undugu: baba mdogo na mwana wa nduguye.

Msomaji makini atapinga hapa. Hadithi ya Mbegha, atasema, ni propaganda ya Wakilindi, na huwezi kujengea fundisho la watu juu ya sifa ambazo ukoo wa watawala ulijitungia. Kwamba ni propaganda nakubali, na hapo ndipo inaponipa nguvu. Mwenye kujisifu huchagua anachojua kitawaingia wasikilizaji. Wakilindi wangeweza kusema babu yao alishuka mbinguni au alitoka Maka, kama koo nyingi zilivyosema. Walichagua kusema alikuwa kigego. Walijua kwamba kwa Wasambaa nguvu inayoweza kuwamaliza ndugu wa ukoo ndiyo nguvu inayoweza kuua simba, na simulizi inamfanya Mbegha aue simba akiwa njiani kwenda Vugha, hata wafalme wakaitwa Simba Mwene. Jino la juu halikung'olewa wala kusamehewa. Hatari yake ilipewa kazi. Mtu wa namna hii ndani ya ukoo ni msiba, kwa sababu pale hana pa kuielekeza nguvu yake ila kwa nduguze. Juu ya koo zote, ambapo hana wa kulingana naye, ni kinga.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wasambaa walimwogopa mchawi kama kila mtu, na mchawi ni nini kama si uovu wenye miguu? Walimwogopa, ndiyo, na waliwaadhibu wengi, baadhi yao bila shaka wakiwa hawana hatia. Lakini mchawi hana dawa zake za pekee zilizotoka gizani. Mzizi ni uleule wa mganga, na aliyesoma kuponya amesoma pia jinsi ya kudhuru. Hukumu ilifuata matumizi: dawa imemfikia nani, usiku au mchana, kwa idhini ya nani. Ahriman kwa upande wake ana viumbe vyake ambavyo hata vikitumiwa vizuri haviwi vizuri. Chungu ni chungu. Mkulima wa Usambara angeona ajabu kusikia kwamba kumuua chungu ni ibada, ingawa nzige angewaua kwa furaha.

Tena wapo watakaosimama upande wa Zarathustra na kusema nimemwonea. Katika Gatha, tenzi za kale zaidi za dini hiyo ambazo zinanasibishwa na nabii mwenyewe, roho mbili zinaitwa pacha, na kila moja ilichagua: moja ukweli, nyingine uongo. Kama ilichagua, basi uovu ulianza kwa tendo, haukuanza kwa asili. Hoja hii si ngeni. Mwaka 1843 mmisionari wa Kiskoti John Wilson alichapa Bombay kitabu kikubwa cha kuishambulia dini ya Waparsi, akiwacheka kwa kuabudu, kama alivyowaelewa, miungu miwili. Katika miaka ya 1860 Mjerumani Martin Haug, akifundisha Pune, aliwapa jibu walilolipokea kwa mikono miwili: Angra Mainyu, yaani Ahriman, ni mpinzani wa Roho Njema tu, na juu yao wote yupo Ahura Mazda mmoja asiye na mshindani. Waparsi waliofika Zanzibar mwishoni mwa karne ile walitoka katika jamii iliyokuwa imejadili jambo hili kwa vizazi viwili. Kwa hiyo nakubali kwamba tabaka la chini kabisa la dini ya Kiajemi liko karibu na Vugha kuliko tabaka la juu. Huko nako uovu ulianza kama njia iliyochaguliwa, na kiti cha enzi kikaja baadaye. Hilo linazidisha swali langu badala ya kulifuta: kwa nini Uajemi ulikipa kitendo mwili na ufalme, na Usambara haukufanya hivyo? Ninachoweza kusema ni kwamba makuhani wa Uajemi walihudumia dola iliyotaka kueleza kwa nini mfalme mwema bado ana maadui, na Ahriman alijibu vizuri. Usambara, ambako mfalme alionekana akipita na mkulima alihesabu siku tangu mvua ya mwisho, hapakuwa na umbali wa kutosha wa kumwingiza mtu wa tatu wa kulaumiwa.

Huyo wa tatu, Shetani, alifika hata hivyo. Waislamu walikuwa wamekwisha kumtaja katika masoko ya Mazinde. Wamisionari wa Bethel walipojenga Mlalo mwaka 1891, na Watrapisti walipofika Gare mwaka 1897, alipata mimbari. Wanazuoni wengi wanaona kwamba Wayahudi waliokaa chini ya dola ya Uajemi tangu karne ya 6 kabla ya Kristo walichukua kwa majirani zao kitu cha kumnolea Shetani wao, ambaye katika kitabu cha Ayubu bado ni mshitaki anayeingia baraza la Mungu kwa ruhusa. Wengine wanapinga, wakisema mbegu zote zilikuwemo nyumbani. Kama hao wa kwanza wamepata, basi kivuli cha Ahriman kiliingia Usambara kwa mzunguko mrefu kweli: Uajemi, Yerusalemu, Bielefeld walikotoka wamisionari wa Bethel, Mlalo. Na wakati mahubiri yakianza, ufalme ulikuwa ukikatwa kichwa. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, aliyekuwa ameketi Vugha, na waliomfuata walikaa kwa hisani ya boma la Wilhelmsthal, yaani Lushoto ya leo.

Je, Shetani alichukua nafasi ya kubana shi? Kanisani pengine. Shambani hapana. Waingereza walipoanzisha mpango wa kuokoa udongo wa bonde la Mlalo mwaka 1946, kisha wakawalazimisha watu kuchimba matuta kwenye miteremko, kazi ambayo jembe lake lilikuwa zaidi mikononi mwa wanawake, hakuna aliyesema ni majaribu ya Ibilisi. Watu waliwauliza mazumbe wao, yaani machifu, kama wanaiponya nchi au wanaiharibu. Zumbe mkuu Magogo aliachia kiti mwaka 1947 katikati ya upinzani wa raia, na katika miaka ya 1950 TANU ilipata wanachama milimani kwa swali hilohilo. Wengi wa walioliuliza walikuwa Wakristo na Waislamu waliobatizwa au kusoma chuo, wanaomlaani Shetani kila siku katika sala. Ilipofika kwenye mvua na udongo, walirudi kwenye msamiati wa Vugha, kwa sababu huo ulitaja mtu wa kuwajibishwa.

Kuna mahali pengine milimani ambapo alama ya kuzaliwa ilimhukumu mtoto: Kifungilo. Ukitoka Lushoto ukapanda msituni unafika kwenye shule ya sekondari ya wasichana ambayo nchi nzima inaijua kwa matokeo yake. Kabla ya sifa hiyo, masista wa Kijerumani wa Damu Takatifu walilea pale watoto waliozaliwa na mama Waafrika na baba Wazungu au wengineo, watoto ambao pande zote mbili mara nyingi hazikuwataka. Mmoja wao, Maria Nhambu, alikulia hapo na kuyaandika maisha hayo katika kitabu cha mwaka 2016. Ukoloni uliopanga watu kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, haukuwa na safu ya kuwaandika. Alama yao haikuwa jino, ilikuwa ngozi, na ilitazamwa kwa namna ileile, kwa kidole na kimya, tangu siku ya kwanza. Lugha ya Kipahlavi ingeliita tatizo hilo mchanganyiko na kungoja siku ya kutenganisha. Serikali ya kikoloni, bila kusoma Bundahishn, ilifikiri vivyo hivyo. Milima yenyewe ilikuwa na kumbukumbu nyingine. Katika simulizi ya Mbegha, wenyeji hawakumjua mgeni kwa sura wala kwa ukoo. Waliona moshi wa moto wake ukipanda juu ya miti, wakaenda kuangalia nani amewasha, wakamkuta ana nyama na hana ndizi, nao walikuwa na ndizi.